Kiwanja Si Nyumba

Mgeni akizunguka mitaa ya Mudhaibi hatamwona mtu aliyelala njiani. Ataondoka akisema kwamba hapa hakuna asiye na makazi. Laiti angalikaribishwa ndani, angaliona ndugu watatu na wake zao chini ya dari moja, na watoto wamelazwa majlisi, magodoro yakikunjwa kila alfajiri kabla mtu hajapiga hodi. Hiyo ndiyo sura ya uhaba wa nyumba kwetu. Imesitiriwa na heshima ya ukoo, kwa hiyo haihesabiwi.

Wazee wetu waliorejea kutoka Afrika ya Mashariki baada ya mwaka 1970 walikuta nyumba za udongo kando ya mafalaji. Tangu hapo Serikali imefuata njia ya kugawa ardhi: raia huomba kiwanja cha kujenga, husubiri zamu au kura, kisha hutafuta fedha. Benki ya Nyumba ya Oman iliasisiwa mwaka 1977 ili kukopesha kwa riba iliyopunguzwa na Serikali. Kwa wenye kipato kidogo upo mpango wa makazi ya jamii, ambao hutoa nyumba zilizokwisha jengwa, msaada wa fedha, au mkopo.

Ni neema kubwa, wala hatuibezi. Lakini kiwanja si nyumba. Nje ya mji mtu huoneshwa mawe manne ya mpaka katika changarawe tupu; barabara, maji na umeme huenda vikachelewa, na saruji haimngoji mtu bei yake. Mawe hayo hukaa miaka, na kijana hukaa kwa baba yake.

Zanzibar ilishika njia nyingine kabisa. Kwa mpango uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, serikali ya Mzee Karume ilivunja nyumba za Ng'ambo na kuanza kuinua majumba kumi ya Michenzani. Kule mtu alipewa ufunguo akakosa ua; huku tumepewa ua tukakosa ufunguo.

Jambo moja halizungumzwi vya kutosha majumbani mwetu. Amri ya Kifalme namba 125 ya mwaka 2008 iliwapa wanawake haki sawa na wanaume ya kupata viwanja vya Serikali. Hata hivyo, wapo kina baba ambao hadi leo humwandikisha mwana wa kiume tu, na binti akiachwa na mumewe hurudi kwenye godoro la majlisi. Binti aliyetimiza masharti na aombe kwa jina lake mwenyewe, na hati akae nayo yeye.

Mwaka 2023 ulizinduliwa Mji wa Sultan Haitham huko Seeb, uliokusudiwa nyumba 20,000 pamoja na shule, misikiti na barabara zake. Sisi tungependa fikra hiyo ifike Sharqiyah, hata kwa udogo: viwanja vichache zaidi, lakini maji na umeme vitangulie kura.