Rekodi za Dar zimehamia pembezoni

Mwaka 2012 Kinondoni ilikuwa wilaya yenye watu wengi kuliko zote Tanzania: 1,775,049. Sensa ya 2022 ikaikuta na watu 982,328, ya nne kati ya wilaya tano za Mkoa wa Dar es Salaam. Watu hawakukimbia. Kimara, Mbezi, Goba na Manzese zilimegwa zikawa Wilaya ya Ubungo, na Ubungo hiyo leo imempita mzazi wake kwa kuwa na wakazi 1,086,912.

Temeke nayo ilimegwa, ikaondokewa na Kigamboni yote. Pamoja na hayo, kutoka watu 1,368,881 ilishuka hadi 1,346,674 tu. Kwangu hii ndiyo rekodi nzito kuliko zote: wilaya imetoa ng'ambo nzima ya bahari, na pengo likakaribia kuzibwa ndani ya miaka kumi. Waliolijaza utawaona Mbagala, Charambe na Chamazi. Mtu amechoka kupanga, ananunua kiwanja, anafyatua tofali kidogo kidogo. Chumba kimoja kikishaezekwa familia inahamia. Vyumba vingine vinabaki pagale, madirisha yamezibwa kwa mabati, madumu ya maji yamepangwa mlangoni. Alfajiri anayetaka kiti kwenye daladala hupanda gari linalokwenda mwisho wa njia, Rangi Tatu, ageuze nalo.

Taji la leo liko Ilala, watu 1,649,912. Ukisikia Ilala usiifikirie Kariakoo pekee: sehemu kubwa ya umati huo inalala pembezoni kama Gongo la Mboto, Kivule na Chanika.

Kwa eneo, huu ndio mkoa mdogo kuliko yote Tanzania Bara, kilomita za mraba 1,393. Mwaka 2022 ulikuwa na watu 5,383,728, chini kidogo ya asilimia 9 ya Watanzania, lakini unachangia takribani asilimia 17 ya pato la taifa. Uchumi huo hauishii Posta, katikati ya jiji. Kurasini, Temeke, ndiko malori ya bandari yanakopanga foleni. Wazo, Kinondoni, ndiko kilikojengwa kiwanda cha kwanza cha saruji nchini, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Uwanja mkubwa kuliko vyote nchini, wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, nao uko Temeke.

Rekodi moja imepotea kimyakimya. Kati ya 2002 na 2012 Dar ilikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka, kasi iliyoongoza nchi nzima. Muongo uliofuata ikashuka hadi 2.1, chini ya wastani wa taifa wa 3.2. Wapo watakaosema jiji limeshiba. Mimi naona limemwagika. Jirani yake, Mkoa wa Pwani, umetoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo iko mpakani: Vikindu baada ya Mbagala, Mapinga baada ya Bunju, Kibaha baada ya Kibamba. Mtu wa Vikindu anafanya kazi Kariakoo na kuhesabiwa Mkuranga. Dawasa, mamlaka ya maji, inahudumia pande zote mbili za mpaka. Mwendokasi ya Barabara ya Kilwa imeishia Mbagala, kabla ya kufika Vikindu.