Adabu ya Nyumba Wakati wa Radi

Mgeni atokaye pwani, aliyezoea mvua inayotangazwa na pepo za kusi na kaskazi na kugawanyika baina ya masika na vuli, hustaajabu afikapo Eldoret, mji ambao wenyeji wa zamani waliuita Sisibo, yaani “sixty-four” kwa matamshi yao, kwa kuwa uliasisiwa juu ya shamba nambari 64. Kwani huko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mvua huanza mwezi wa Machi na kuendelea, mara ikipungua na mara ikizidi, hata Septemba, na aghalabu siku za majira hayo hupambazuka nyeupe, jua likawaka kama halina haja na wingu lolote, kisha ifikapo alasiri mbingu ikatanda giza upande wa Nandi na ngurumo ikaanza kujongea. Joto la mchana ndilo linaloinua hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Viktoria, ikapanda milima na kujenga mawingu marefu yenye barafu ndani yake, nayo ndiyo mama wa radi na mvua ya mawe. Kusini mwa mji, Nandi Hills na Kericho huhesabiwa miongoni mwa mahali pa dunia panapopigwa sana na mawe hayo, hata mwishoni mwa miaka ya 1960 wenye mashamba ya chai walitumia ndege kutia mawingu iodidi ya fedha ili kuyapunguza makali.

Watu walioishi karne nyingi chini ya mbingu ya namna hii hawawezi kukosa adabu zao za kukaa nayo. Wanandi, kama walivyo Wakalenjin wenzao, humjua Mwenyezi Mungu kwa jina la Asis, na radi wakaipa jina la Ilat. Bwana Claud Hollis, ambaye baadaye alikuwa Balozi wa Kiingereza huko Unguja, aliandika katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotoka mwaka 1909 ya kwamba wazee waliwatambua Ilat wawili, mmoja mwema na mmoja mbaya: mshindo mkali ulio karibu ni yule mbaya atakaye kushuka aue watu, na mvumo wa mbali ni yule mwema amzuiaye. Akaeleza pia ya kwamba dhoruba ikizidi, mtu wa ukoo wa Toiyoi, ukoo wenye nasaba na radi na siafu, hutwaa shoka, akalipaka majivu ya mekoni, akalitupa nje ya nyumba huku akiiamuru radi inyamaze katika boma lao.

Miaka mia na zaidi imepita, na nyumba za msonge zilizokuwa na chumba cha mbuzi ndani na dari ya kuwekea nafaka zimekwisha kuwa nadra; lakini adabu yenyewe haijaondoka. Jioni moja ya Aprili nilikuwa kwa jamaa mmoja kando ya njia iendayo Kapsabet, na upepo wa kwanza ulipoipiga mikaratusi nje ya ua, hapana aliyeamrishwa jambo, kila mtu akashika lake: kijana mkubwa akawaingiza ndama kibandani, binti akatega ndoo chini ya michirizi kabla tone la kwanza halijaanguka, maana wakati wa radi hapana ruhusa ya kwenda kuyafuata maji, na baba akachomoa waya za televisheni na za simu ukutani. Bibi, ambaye wajukuu humwita Kogo, alikaa kwenye kigoda karibu na meko, mbali na mlango na dirisha, akawaita watoto wakae chini mbele yake, na mawe yalipoanza kupiga mabati hata mtu asiweze kumsikia jirani yake, alichota majivu kidogo kwa kiganja akayarusha kizingitini, akasema neno moja tu, “Sis!”, yaani kimya, nami sikujua kama aliwaambia watoto ama aliiambia mbingu. Watoto walinyamaza. Mama alimimina mursik kutoka katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, maziwa yenye rangi ya kijivujivu, kikombe kikapitishwa kuanzia kwa Kogo, na hapana aliyeondoka mahali pake.

Katikati ya tufani hiyo mlango uligongwa. Alikuwa mwendesha bodaboda aliyerowa chapachapa, mtu ambaye hapana aliyemjua nyumbani mle, naye akapewa kiti karibu na moto na chai ya maziwa kabla hajaulizwa jina wala kabila. Kwa maoni yangu adabu hii ndiyo iliyo kubwa kuliko zote, na katika mji ambao majirani waliumizana mwanzoni mwa mwaka 2008 katika machafuko ya baada ya uchaguzi, mlango unaofunguliwa bila ya swali ni jambo la kutajwa kwa taadhima.

Mjini penyewe, kuanzia mtaa wa Langas hata Huruma na Kapsoya, wamechanganyika watu wa kila asili, na kila mmoja amekuja na desturi yake. Kuna nyumba ambamo vioo hufunikwa kwa kanga, kuna wakatazao nguo nyekundu, na Waislamu humsabihi Mola ambaye radi yenyewe humsabihi. Sioni haja ya kumcheka yeyote. Kioo hakiiti umeme, wala nguo nyekundu. Lakini katazo la kusimama mlangoni, la kushika maji na vyuma, na la kutoka nje kabla wakubwa hawajatoa idhini, hayo wataalamu wa hali ya hewa huyathibitisha neno kwa neno, kwani wengi wanaouawa na radi ni wale iliowakuta malishoni, shambani, au chini ya mti. Pahali pengine elimu ya leo inasahihisha ya kale: mvumo wa mbali, ule wa Ilat mwema, hauna budi kuogopwa pia, maana umeme huweza kupiga kilomita 10 na zaidi kutoka palipo na mvua, na haifai kutoka hata zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kogo hakuwa na saa. Aliwazuia wajukuu wake hata mvumo ulipokatika kabisa, ndipo wakaanza kutegeana vitendawili.

Lakini adabu njema haiwezi kuzuia paa lililopigiliwa vibaya. Paa la nyasi liliogopewa moto, la mabati laogopewa upepo. Na mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya nguzo na kuni imeachwa ikarefuka hatua chache kutoka vitandani mwa watu. Wapangaji wa vyumba vya mbao na mabati, na hasa walio bondeni karibu na mto Sosiani, hukesha wakiinua magodoro juu ya meza, na kwao hata kukaa kimya pamoja mekoni ni neema wasiyoipata, kwa kuwa maji huingia kabla ya mgeni.

Kwa hiyo nawaomba wenye nyumba, kabla ya mwezi wa Machi, wapigilie upya misumari ya mapaa na kukata miti iliyoinamia vyumba. Wenye kukodisha wazibue mitaro. Na walimu, ambao watoto wengi huwa mikononi mwao alasiri radi inapokuja, waweke juu ya madarasa vyuma vya kukingia radi vyenye waya uzamao ardhini, na wasiruhusu mtoto hata mmoja aende nyumbani wakati mbingu inanguruma.