Bani, banda au msingi mpya: hesabu ya nyumba ya kustaafia Urambo

Ukipita vijiji vya Urambo, mkoani Tabora, utayaona mabani ya tumbaku yamesimama wima kati ya miti ya miombo, mengine hayajawashwa moto kwa miaka mingi. Waingereza walifika huku mwaka 1947 kulima karanga, mpango ukafa 1951, na sehemu ya ardhi iliyokwisha kufyekwa ikageuzwa mashamba ya tumbaku. Majengo yakafuata: mabani ya kukaushia majani, mabanda ya kupangia madaraja, maghala ya kuhifadhia marobota. Leo majengo hayo yanarithiwa, yanauzwa pamoja na shamba, au yanakaa tu, na mtumishi anayeikaribia miaka 60 ya kustaafu kwa lazima anaambiwa na ndugu zake: "Njoo kijijini, pale pana jengo tayari, wewe ni kupaua tu na kuingia."

Hilo neno "tayari" ndilo la kupigia hesabu kabla kiinua mgongo hakijaguswa. Muuzaji wa jengo kuukuu anauza kuta, na katika nyumba ya kawaida ya Mtanzania kuta si mzigo mkubwa. Maboma yamejaa nchi nzima, yamefika lenta na kuota majani, kwa sababu pesa huishia kwenye kupaua na umaliziaji.

Tuanze na bani lenyewe, maana ndilo linalovutia macho. Ni refu, la tofali za kuchoma, na lina sura ya mnara. Chukua bani la mita 5 kwa 5 lenye kuta za mita 6 kwenda juu. Sakafu yake ni mita za mraba 25, lakini kuta zake kwa ndani ni mita za mraba 120. Sasa chukua banda la madaraja la mita 12 kwa 6, kuta mita 3: sakafu 72, kuta 108. Maana yake kwenye bani kila mita moja ya sakafu unaipigia lipu na rangi karibu mita 5 za ukuta, na kwenye banda ni mita moja na nusu. Unalipia ukuta ambao huwezi hata kuegemeza kabati.

Fundi ana jibu lake: "Mzee, tugawe katikati, upate ghorofa." Mwulize ngazi itapita wapi kwenye chumba cha mita 5, na nani ataipanda akiwa na miaka 75 na goti linalouma. Bani pia halikuwahi kuwa na dirisha. Lilijengwa kubana joto linalofika nyuzi 70, likiwa na matundu ya hewa chini na juu tu. Kila dirisha ni kutoboa ukuta mrefu uliojengwa, mara nyingi, kwa udongo badala ya saruji, na kila tobo linataka lenta yake na miti ya kushikilia wakati wa kazi. Halafu kuna masizi. Lipu haishiki juu ya masizi yenye mafuta ya tumbaku. Lazima kuta zisuguliwe mpaka tofali lionekane, na harufu bado itajitokeza siku za mvua. Mimi bani ningeliacha liwe stoo ya kuni na mahindi. Na akitokea mtu wa kukushauri uweke tanki la maji juu yake ili upate presha, mkumbushe kwamba lita 5,000 ni tani 5, na chini yake ni udongo.

Banda la madaraja ni habari nyingine. Lina umbo la nyumba, lina madirisha makubwa kwa sababu wapanga madaraja walihitaji mwanga wa kuona rangi ya jani, na kuta zake si ndefu. Hapa ndipo ulinganisho na msingi mpya unakuwa wa kweli.

Kujenga upya nyumba ya ukubwa uleule, kuta za nje peke yake zinataka tofali za bloku za inchi 6 zipatazo 950 ukishatoa nafasi za milango na madirisha. Msingi wa kulaza tofali unakula 480 hivi. Jumla 1,430. Ongeza saruji: mifuko 20 ya zege la msingi na kama 26 ya kujengea. Weka bei za mfano, tofali 1,500 na mfuko 18,000, nawe ubadilishe kwa bei ya dukani kwenu. Tofali ni shilingi 2,145,000, saruji 828,000. Kwa hiyo banda lenye kuta na msingi mzima linakuokolea vifaa vya karibu milioni 3, pamoja na mchanga, kokoto na ujira wa kazi hiyo. Ukitajiwa kwamba jengo linaongeza milioni 10 kwenye bei ya shamba, unajua pa kuanzia kubishana.

Yaliyobaki yote utayalipia palepale, jengo liwe jipya au la zamani. Bati za kufunika banda hilo ni 36 ukiagiza zikatwe mita 3.9, upande mmoja 18, ili kusiwe na kiungo katikati ya mteremko. Usidanganywe na namba: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Kuna mbao, dari, madirisha, nyaya, mabomba, choo na shimo lake. Hata sakafu: ya zamani ikiwa imepasuka na kushuka, zege jipya la sentimita 10 linataka mifuko 45 hivi.

Halafu zipo gharama ambazo ni za jengo kuukuu peke yake, na hizo ndizo zinazoila ile milioni 3. Kabla ya kutoa hata senti, chimba mashimo mawili kwenye kona mbili za nje uone msingi unaishia wapi. Ukikuta tofali zinakoma sentimita 30 chini na udongo umeanza kuliwa na maji ya paa, hapo hununui nyumba. Panda na bisibisi, uichome mbao ya kenchi mahali inapokalia ukuta. Ikizama kama kwenye mkate, mchwa wameshamaliza kazi, na paa lote linashuka. Tazama pia njia za udongo zinazopanda ukutani kwa ndani. Urambo bila dawa ya mchwa kwenye udongo hakuna mbao inayodumu. Ukuta usiokuwa na lenta ya kuzunguka utaufungia mpya, na kwa mzunguko wa mita 36 hizo ni nondo 14 za milimita 12 na mifuko 11 hivi.

Paa la asbesto nalitaja peke yake. Ukikuta vigae vya kijivu, vinene, vyenye mawimbi, usikubali vikatwe kwa msumeno wala kuvunjwavunjwa na vijana wa kibarua. Vumbi lake linaua mapafu, na halitoi dalili leo wala kesho. Vinaloweshwa, vinafunguliwa vikiwa vizima, vinafungwa, na vinazikwa mahali ambapo watu wa mazingira wa halmashauri wamepakubali. Mwenye jengo ndiye apunguze bei kwa kazi hiyo.

Kanuni yangu ni fupi: kama zaidi ya theluthi ya kuta inabomolewa, ligeuze banda kuwa machimbo ya tofali na ujenge upya kando yake. Tofali nzuri za kuchoma ukizisafisha zinatosha kuta za ndani.

Kuna kitu kimoja ambacho jengo la mazao linakuja nacho na vijana hawakioni. Maghala mengi yaliinuliwa sakafu ilingane na bodi ya lori. Kimo cha sentimita 90 ni rahisi kwa robota, si kwa mtu wa mkongojo. Njia ya mteremko inayofaa kiti cha magurudumu inataka mita 12 za urefu kwa kila mita 1 ya kimo, kwa hiyo hapo unajenga mteremko wa karibu mita 11. Ukijenga upya unaamua mwenyewe, sentimita 45 zinatosha kuzuia maji, na mteremko ni mita 5.4. Milango iwe ya sentimita 90, choo cha kukaa kipakane na chumba cha kulala, na bafu lisiwe na kizingiti. Haya yakifanywa wakati wa kujenga ni bei ileile ya mlango. Yakifanywa baadaye ni kubomoa.

Maji ni faida ya paa kubwa. Kwa mvua za milimita 900 hivi kwa mwaka, paa la banda lile likifungwa mifereji vizuri linaweza kukusanya zaidi ya lita 50,000. Watu wawili wanaotumia lita 40 kila mmoja kwa siku wanahitaji lita 14,400 kuvuka miezi sita ya kiangazi, yaani tanki la 15,000 chini, juu ya zege.

Umeme kijijini uliwekewa ada ya kuunganishwa ya shilingi 27,000 wakati mjini njia moja ya karibu ni 320,960, lakini jengo la shambani likiwa mbali na nguzo, uliza kwanza. Nyumba ya Tabora mjini inakatwa kodi ya jengo shilingi 1,500 kwa mwezi kupitia LUKU, fedha ndogo. Nyumba ya mjini ukiinunua imekamilika ni ghali kuliko yote haya, ila iko jirani na hospitali ya rufaa ya Kitete. Kutoka Urambo ni kilomita 90 na ushei. Mwenye presha au kisukari anayefuata kliniki kila mwezi aandike nauli ya watu wawili, mgonjwa na msindikizaji, mara 12, mara miaka anayotarajia kuishi, kisha aiweke kwenye safu ya gharama za banda.

Karatasi zisisubiri. Shamba la zamani lenye hati linaweza kuwa la miaka 33, 66 au 99. Soma limebakiza mingapi, maana hati ya miaka 33 ya enzi ya uhuru ilishakwisha zamani. Ardhi ya kijiji inapitia halmashauri ya kijiji chini ya sheria ya 1999, na jengo la chama cha ushirika haliuzwi na katibu peke yake hata akikupa risiti yenye mhuri.

Kwa fundi, omba makadirio mawili kwa mkono uleule: moja la kukarabati, moja la kuanza chini, yote yakihesabu tofali, mifuko, nondo na bati kimoja kimoja. Mlipe siku ya kuja kupima, hata kama kazi hutampa.