Je, Wajua? Sauti Inayomtafuta Samaki

Je, wajua kwamba Arua, nchini Uganda, haiko kando ya Nile, lakini soko lake halikosi samaki wa Nile? Jiji liko juu ya uwanda, yapata mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mto wenyewe, Albert Nile, unapita upande wa mashariki kwenye kimo cha mita 620 hivi. Samaki hupandishwa kutoka Panyimur, Pakwach na Rhino Camp. Wengine hukaushwa au kutiwa chumvi, kisha huendelea hadi Koboko, na kutoka hapo huvuka Oraba kuingia Sudan Kusini, au hupelekwa Ariwara upande wa Kongo, ambako samaki wa chumvi huitwa makayabo.

Je, wajua kwamba Ziwa Albert, mto huo unakotokea, kwa ukubwa wake wote halizidi mita 58 kwenda chini? Sauti ikitumwa kutoka juu hadi hapo penye kina kirefu kabisa, ikagonga sakafu na kurudi, haimalizi hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika maji ya uvuguvugu kama yale, sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde. Hewani haifiki hata mita 350.

Je, wajua kwamba kabla ya sauti, kazi ya kupima kina ilikuwa ya bildi? Mabaharia wa pwani walitupa kipande cha risasi kilichofungwa kamba, wakahesabu pima. Kwenye Albert Nile, mahali pa kina kifupi, upondo wa mtumbwi bado unatoa jibu la kuaminika. Usiudharau.

Je, wajua kwamba kutafuta vitu majini kwa mwangwi kulichochewa na barafu? Meli ya Titanic ilizama Aprili 1912 baada ya kugonga mwamba wa barafu. Miaka miwili baadaye, tarehe 27 Aprili 1914, mvumbuzi Reginald Fessenden alikuwa ndani ya meli katika Atlantiki ya kaskazini, akapiga sauti majini na kupokea mwangwi wa mwamba wa barafu uliokuwa kilomita tatu hivi mbele yake. Siku hiyohiyo alipata pia mwangwi wa sakafu ya bahari. Kutoka hapo hadi kumsaka samaki ilikuwa safari ya miaka ishirini hivi: kufikia 1935 Mnorwei Oscar Sund alikuwa ameonyesha makundi ya samaki kwenye karatasi ya mashine ya mwangwi.

Leo barafu na sauti hukutana tena mikononi mwa mvuvi wa kawaida. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, lenye maziwa zaidi ya 10,000 na ambako Wasomali, Wakenya na watu wa Sudan Kusini wamehamia kwa wingi, maziwa huganda wakati wa baridi. Watu hutoboa tundu na kushusha ndoana. Mamlaka za huko zinashauri mtu asikanyage barafu, hata iliyo safi na mpya, kama unene wake haujafika sentimita 10. Pembeni mwa tundu huwekwa mashine ndogo yenye uso wa duara unaomweka taa, iitwayo flasha. Mwenye ndugu huko amwombe picha yake.

Je, wajua moyo wa flasha uko wapi? Si kwenye duara la taa. Uko kwenye kidude kidogo kinachoning'inia majini kwa waya, transdyusa. Ndani yake mna kipande cha kauri ambacho hutetemeka kikipitishiwa umeme, na hutoa umeme kikitetemeshwa. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme, na msingi ni huohuo. Kidude kimoja, basi, hupiga kelele na pia husikiliza. Masafa yanayotumika sana kwenye flasha ni kilohezi 200, mbali mno juu ya uwezo wa sikio la binadamu, na kila wimbi majini lina urefu wa milimita saba na nusu hivi.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi hununua mashine ya bei kubwa kisha wakaipotezea thamani kwa dakika mbili za uzembe wa kuitega.

Sauti ya transdyusa hushuka ikipanuka: nyembamba juu, pana chini. Upana huo hupimwa kwa digrii. Transdyusa ya digrii 20, kwenye kina cha mita 10, humulika duara la sakafu lenye kipenyo cha mita tatu na nusu. Ile ya digrii 9, kwenye kina hichohicho, humulika mita moja na nusu tu. Pana hukuonyesha samaki wengi, lakini haikuambii yupi yuko karibu na ndoana. Nyembamba inafaa maji marefu, au mahali palipojaa wavuvi wenye mashine zao, maana kelele zao huingiliana.

Kisha kuna suala la wima. Transdyusa lazima ining'inie kama timazi ya mwashi. Ikiinama digrii 10 tu, kwenye mita 10 katikati ya mwale inakuwa imehama karibu mita 1.8 kutoka pale ulipoelekeza ndoana. Chambo chako kinapotea kwenye duara, sakafu inasomeka kwa mstari mpana uliovurugika, nawe unadhani mashine imeharibika. Ndiyo maana waya hupitishwa kwenye boya lenye kizuizi: boya hukaa juu ya tundu, transdyusa hushushwa hadi ivuke kidogo upande wa chini wa barafu, ikatulia. Ikibaki ndani ya tundu, kuta za barafu hurudisha mwangwi wa uongo.

Pangusa uso wake kwa kidole kilicholowa kabla ya kuishusha. Povu dogo la hewa likigandia hapo, sauti haitoki.

Halafu geuza kitufe cha nguvu ya kupokea polepole. Shusha chambo nusu ya kina, anza chini, ongeza mpaka chambo kionekane kama mstari mwembamba, kisha acha hapo. Anayeongeza hadi mwisho hujaza duara lote taa, na samaki akifika hana pa kuonekana. Kwenye flasha nyingi kijani ni mwangwi dhaifu, nyekundu ni wa nguvu. Mstari wa kijani unaogeuka nyekundu ni samaki anayetoka pembeni kuja katikati. Sifuri ni pale transdyusa ilipo, mstari mpana ni sakafu, na yote yaliyo katikati ni mambo yako.

Je, wajua kwamba barafu safi isiyo na mapovu inaweza kupitisha sauti bila kutobolewa? Wavuvi humwaga maji kidogo juu yake, wakaweka transdyusa hapo, wakasoma kina kabla ya kuhangaika na kutoboa.

Je, wajua kwamba maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzijoto 4? Kwa hiyo chini ya ziwa lililoganda kuna maji yenye joto kuliko yale yanayogusa barafu. Ziwa halijagandia samaki kichwani. Juu limefunikwa, chini wanaishi.

Sasa turudi nyumbani, maana kifaa hicho kikiletwa Panyimur kitakutana na mambo mengine kabisa. Kwanza joto. Katika maji yanayokaribia kuganda sauti huenda mita 1,400 hivi kwa sekunde. Mashine iliyopangiwa maji hayo, ikipelekwa Ziwa Albert, itaita mita 10 kuwa 9.3. Si kosa la kuzamisha mtu, lakini ni kosa.

Pili mkondo. Kutega kwa waya na boya kunafaa maji yaliyosimama. Albert Nile inatiririka, hata kama kwa upole, na itaisukuma transdyusa mpaka ilale. Kwenye mto, ifunge kwenye mti au bomba lililokazwa ubavuni mwa mtumbwi, uso ukitazama chini sawasawa, mbali na povu la injini.

Tatu mbao. Mafundi wa boti za plastiki ngumu huibandika transdyusa ndani ya boti na sauti hupita. Mbao zina hewa ndani yake, na hewa huizuia sauti, kwa hiyo mtumbwi wa mbao hauruhusu njia hiyo ya mkato.

Na magugu maji? Yana hewa kwenye mashina yake. Yakiwa chini ya transdyusa, utasoma magugu.

Je, wajua samaki anasikika kwa sababu gani? Nyama yake inakaribia maji kwa jinsi inavyopitisha sauti. Kinachorudisha mwangwi hasa ni kibofu chake cha hewa: kwa samaki mwenye kibofu, asilimia 90 au zaidi ya mwangwi hutoka hapo. Kwa sangara, kibofu hichohicho ndicho mabondo, bidhaa inayosafirishwa kutoka maziwa yetu hadi Hong Kong na China na kuuzwa ghali kuliko minofu. Mashine husikia mabondo kabla ya mfanyabiashara kuyaona.

Samaki anayelala tumboni mwa tope ni shida nyingine. Mdundo wa sauti unaodumu sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde hauwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko sentimita saba na nusu, kwa hiyo kambare aliyejibana sakafuni anaungana na sakafu. Mashine itasema hakuna kitu. Mvuvi mzoefu anajua yupo.

Je, wajua kwamba sakafu ngumu hujibu mara mbili? Penye mwamba au changarawe, mwangwi hurudi, hugonga uso wa maji, hushuka na kurudi tena, ukaonekana kwenye kina mara mbili ya kile halisi. Penye tope mwangwi wa pili hupotea. Kwa mtu anayeogopa nyavu kukwama, habari hiyo ina faida kuliko samaki wenyewe.

Je, wajua kwamba kuna samaki wa kwetu wanaopima giza bila mashine? Mwaka 1951 Hans Lissmann wa Cambridge alichapisha ugunduzi wake kuhusu samaki wa Nile anayeitwa Gymnarchus niloticus: hutoa umeme dhaifu mfululizo kutoka mkiani, na kwa umeme huo hutambua vitu vilivyo karibu naye hata kwenye maji machafu. Jamii ya Mormyrus, wenye pua ndefu, wamo Ziwa Albert na wana kipaji cha aina hiyo. Kambare wa umeme, aliye ziwani humohumo, ana umeme mkali unaoweza kufika volti 350 hivi. Huyo usimshike kwa mkono ulio wazi.

Je, wajua kwamba sangara waliojaa Ziwa Victoria asili yao ni pamoja na Ziwa Albert? Walipelekwa huko miaka ya 1950. Tangu 1999 watafiti wa Uganda, Kenya na Tanzania wamekuwa wakizunguka Victoria kwa meli yenye transdyusa, wakikadiria kwa mwangwi uzito wa sangara na dagaa waliomo. Upande wa Uganda kazi hiyo ni ya taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyoko Jinja.

Ziwa Albert linastahili masikio ya namna hiyo, tena mara kwa mara. Samaki wadogo wawili, muziri na ragoge, wanaovuliwa usiku kwa taa, sasa ndio sehemu kubwa ya mavuno ya ziwa lililokuwa likijulikana kwa sangara na angara. Ziwa lina nchi mbili, Uganda na Kongo, na samaki hawana mpaka.

Basi ukiuziwa kipima kina Arua, au ndugu akikutumia kutoka ng'ambo, uliza kwanza digrii za transdyusa na masafa yake, jaribu mahali ambapo umekwisha kupima kwa kamba, na uhakikishe inasimama wima. Na chukua futi ya kupimia samaki pia: hakuna flasha inayoweza kukuambia kama sangara aliye chini amefikia sentimita 50 zinazotakiwa na sheria ya Uganda.