Fimbo ya Joto Haimwoni Mzamiaji

Mzamiaji wa mtungi wa kawaida akikaribia kuishiwa hewa huambiwa na geji. Asipoitazama, ataambiwa na kifua chake, maana kuvuta pumzi kutakuwa kuzito hadi kugome kabisa. Anayetumia ribriza hana bahati hiyo. Ribriza ni kifaa kinachomrudishia mzamiaji pumzi yake mwenyewe. Anapumulia ndani ya mzunguko uliofungwa, hewa ya ukaa inaondolewa, oksijeni iliyotumika inafidiwa, kisha gesi ileile inarudi mdomoni. Mapovu hakuna, na mtungi mdogo wa oksijeni hutosha kwa saa kadhaa. Lakini kazi ya kuondoa hewa ya ukaa imeachiwa kopo lililojaa chembe za chokaa ya soda, na kopo hilo likichoka huendelea kupitisha gesi bila kizuizi chochote. Mzamiaji anavuta pumzi kwa wepesi uleule, ila sasa anavuta sumu.

Kwa upande wa oksijeni, watengenezaji walijipanga mapema: vifaa vingi hubeba vihisi vitatu vinavyolinganishwa, kimoja kikipotoka viwili vinakisuta. Kwa hewa ya ukaa, kwa miaka mingi chombo pekee kilikuwa saa ya mkononi. Unajaza chokaa mpya, unahesabu dakika, zikitimia unaimwaga. Dakika hizo hutokana na majaribio ya maabara. Kiwango cha Ulaya, EN 14143, hutumia mashine inayopumua lita 40 kwa dakika na kutoa lita 1.6 za hewa ya ukaa kwa dakika, ndani ya maji ya nyuzi 4 za Selsiasi. Kopo likidumu saa tatu katika hali hiyo, limemeza lita 288. Sasa, mtu aliyetulia hutoa kama lita 0.3 tu kwa dakika, ilhali anayepambana na mkondo anaweza kupita lita 2. Kwa hiyo mpiga picha aliyeelea kimya kando ya mwamba humwaga chokaa ambayo ingeendelea kufanya kazi, na chokaa yenyewe haiuzwi bei ya chumvi. Tuseme ukweli: wengi waliotamani kihisi cha kuwaonyesha hali ya chokaa walikitamani ili waongeze muda, si ili waupunguze.

Kihisi kilichoenea zaidi ni fimbo ya joto, inayotumika kwenye ribriza za Inspiration ya Uingereza na rEvo ya Ubelgiji. Chokaa inaponyonya hewa ya ukaa hutoa joto, na joto hilo halienei kopo zima kwa mpigo. Linasafiri kama kaa la dawa ya mbu ya kuzungusha: nyuma majivu, mbele sehemu ambayo haijaguswa, na katikati ukanda mwembamba unaowaka. Fimbo yenye vipimajoto kadhaa hupenya katikati ya chokaa, na kompyuta hufuatilia ukanda huo umefika wapi. Ukikaribia mwisho wa kopo, onyo linatolewa.

Je, onyo hilo linaaminika? Jaribio ninaloliheshimu zaidi lilichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Diving and Hyperbaric Medicine, na miongoni mwa waandishi wake ni Simon Mitchell, daktari wa uzamiaji wa Auckland. Walijaza chokaa mpya kwenye Inspiration na rEvo, wakaviweka kwenye maji ya nyuzi 19, wakaviunganisha na mashine inayopumua badala ya mtu, wakasubiri hewa ya ukaa ianze kupenya. Shinikizo lilipokuwa la juu ya maji na kazi ikiwa ya wastani mfululizo, fimbo zilishindwa kuonya ipasavyo katika majaribio yote 12. Hakuna hata moja lililofaulu. Mashine zilizoanza na kazi ya wastani kisha zikapunguza zilipata maonyo sahihi mara nne kati ya tano, kwa kila kifaa. Vifaa vilipowekwa kwenye shinikizo la kina cha mita 3 hadi 6 tu, mambo yaligeuka: katika majaribio 13 ya kazi ya wastani, 11 yalitoa onyo kabla ya hewa ya ukaa kupenya.

Ni rahisi kunukuu hiyo 11 kati ya 13. Mimi ningemwomba msomaji atazame jinsi onyo lilivyokuja. rEvo, yenye makopo mawili yanayofuatana, ilionya takriban saa nzima kabla. Inspiration, mara sita kati ya nane, ilionya pale pale kopo lilipokuwa linaachia. Mara moja ilichelewa kidogo, na mara nyingine ilichelewa dakika 13. Kwa mashine ya maabara, onyo la dakika ya mwisho ni sahihi. Kwa mtu aliye mita 60 chini, ambaye lazima apande kwa kusimama vituoni kwa saa nzima, ni taarifa ya msiba. Na haya yalikuwa majaribio ya chokaa mpya iliyojazwa na wataalamu.

Kuna kosa ambalo fimbo hailioni kwa umbile lake. Inapima joto ndani ya chokaa, basi. Mpira wa oringi ukisahaulika, au chokaa ikijazwa vibaya ikaacha upenyo, sehemu ya pumzi hupita pembeni bila kuguswa huku nyingine ikipita katikati na kuitia joto fimbo kama kawaida. Skrini itaonyesha kopo lenye afya. Kadhalika vali za mpira zilizo mdomoni, zinazolazimisha gesi izunguke upande mmoja: moja ikikwama wazi, mzamiaji anavuta tena pumzi aliyoitoa sasa hivi, na kopo halihusiki hata kidogo.

Dawa ya baadhi ya haya ni kupima gesi yenyewe kwa mwanga wa infraredi, ambao hewa ya ukaa huufyonza kwenye mawimbi ya karibu mikromita 4.26. Ndivyo hospitali zinavyomfuatilia mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa upasuaji, na mashine za usingizi nazo hutumia chokaa ya aina hiyohiyo. Ila chumba cha upasuaji hakina bahari. Gesi inayotoka kwenye chokaa imejaa unyevu, na unyevu ukigeuka matone juu ya kioo cha kihisi namba zinayumba. Kengele ikilia bure mara tatu, ya nne haitasikilizwa. Tena kihisi kikiwekwa baada ya kopo kitanasa gesi iliyopita pembeni, lakini vali mbovu ya mdomoni iko mbele yake, hakiioni.

Bado hatujafika kwa mwili wa mzamiaji. Tarehe 8 Januari 2005, David Shaw, rubani wa Australia, alishuka mita 270 katika pango la Boesmansgat, Afrika Kusini, kuutoa mwili wa kijana Deon Dreyer aliyefia humo mwaka 1994. Hakurudi, lakini kamera ya kofia yake ilirekodi pumzi zake. Uchambuzi wa kitabibu ulioongozwa na Mitchell, uliochapishwa 2007, ulieleza kwamba gesi katika kina hicho ilikuwa nzito mno kwa mtu anayefanya kazi. Mapafu hayakuweza kuifukuza hewa ya ukaa vya kutosha. Hata kopo lenye chokaa safi halingemsaidia, kwa sababu hewa ya ukaa ilikuwa imebaki ndani ya mwili wake. Ndiyo maana leo inashauriwa uzito wa gesi usizidi gramu 5.2 kwa lita, na mwisho kabisa 6.2. Hewa ya kawaida hufika 5.2 kwenye mita 31 hivi.

Wapo wanaosema wataitambua hewa ya ukaa wenyewe kwa kupumulia kifaa dakika tano kabla ya kuingia majini. Utafiti wa mwaka 2015 uliwapima watu hivyo bila kuwaambia hali ya kopo. Chokaa ilipoondolewa kabisa, wengine walimaliza dakika tano bila kushtuka. Kopo lilipoharibiwa kwa kiasi, karibu wote walimaliza. Dakika hizo tano zina faida zake, hasa kwa kukagua oksijeni, lakini si kipimo cha chokaa.

Kwa hiyo fimbo ya joto itumike upande mmoja tu. Ikisema chokaa imekwisha kabla ya saa, iamini na upande. Ikisema bado ipo ilhali saa imetimia, ifuate saa. Kichwa kikianza kugonga au pumzi ikikimbia bila sababu, hamia mtungi wa akiba papo hapo, skrini iseme itakavyo. Na hamia mapema, kwani aliyekwisha kuelemewa na hewa ya ukaa hukosa hata sekunde mbili za kuutoa mdomo wa kifaa na kuweka mwingine. Ipo vali inayobadilisha njia mdomo ukiwa pale pale. Kama ribriza yako haina, fedha ulizotenga kwa kihisi kipya zinunulie vali hiyo kwanza.