Kijana wa Manchira anaweza kuwa mbunifu wa maonesho ya makumbusho?

Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio dakika mbili kabla ya kipindi kwisha, ukitoka Manchira, wilayani Serengeti. Mtumaji ni kijana anayeandika mabango ya maduka pale Mugumu. Akiwa shuleni alipelekwa kutembelea makumbusho ya Butiama, na swali lake tangu siku hiyo ni moja: wale waliopanga vile vitu na kuandika yale maelezo, walisomea nini? Hewani tulimjibu juu juu. Jibu lenyewe ni hili.

Tuanze na Butiama hapo hapo. Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka aliofariki Mwalimu, na yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Ndani kuna vitu vyake binafsi pamoja na zawadi alizopewa akiwa kiongozi. Sasa fikiria zawadi moja tu, tuseme kinyago. Kikikaa stoo hakimwambii mtu chochote. Ili kiseme, lazima mtu aamue kiwekwe jirani na picha gani, kionekane kwanza au mwisho, taa impige nani usoni, na chini yake yaandikwe maneno mangapi. Huyo ndiye mbunifu wa maonesho. Hafanyi peke yake. Yupo mtafiti anayejua historia ya kitu, yupo mhifadhi anayekilinda kisiharibike, yupo seremala na fundi umeme. Mbunifu anawaunganisha hao wote ili mgeni akitoka aseme, "Nimeelewa."

Maelezo ya ukutani ndiyo yanayonigusa mimi, kwa sababu yanafanana na kazi yetu. Kwenye mafunzo ya utangazaji tulifundishwa kuwa msikilizaji hawezi kurudisha sentensi nyuma, kwa hiyo iwe fupi, na jambo kubwa litangulie. Mgeni wa makumbusho naye amesimama, miguu inauma, watoto wanamvuta. Maneno 50 hadi 75 kwa kitu kimoja yanatosha. Niliwahi kuingia ukumbi mmoja, siutaji, ambao maelezo yalijaa ukurasa mzima na yalitundikwa juu kiasi kwamba wanafunzi wa darasa la nne waliishia kutazama fremu. Desturi ya kumbi nyingi ni kuweka katikati ya picha kwenye usawa wa sentimita 150 hivi kutoka sakafuni, na kushusha zaidi pale wanapotarajiwa watoto au watu wanaotumia viti vya magurudumu.

Mwanga nao una hesabu yake. Karatasi, nguo na ngozi zenye rangi hufifia zikimulikwa sana, na kipimo kinachofuatwa na makumbusho nyingi kwa vitu hivyo ni lux 50, mwanga hafifu kabisa. Ndiyo maana kumbi nyingine zina giza giza. Wageni hulalamika kwamba umeme ni mdogo, kumbe imekusudiwa. Na si kila unachokiona ni chenyewe. Fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, linahifadhiwa Dar es Salaam, na kwingineko huoneshwa nakala. Kutengeneza nakala inayomfanya mtu asogee karibu ni ufundi wa kujitegemea.

Kuhusu masomo, karibu wote huingia kazi hii kupitia fani nyingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia na urithi, na pia sanaa za ubunifu. Chuo Kikuu Ardhi kina usanifu wa ndani ya majengo. TaSUBa ya Bagamoyo inafundisha sanaa, na VETA ina useremala na uandishi wa mabango. Kwa kijana ambaye tayari mkono wake unajua herufi, maoni yangu ni aanzie kwenye ufundi na asikae nyumbani akisubiri chuo kikuu. Historia ataisoma akiwa anafanya kazi.

Ajira, tusidanganyane, ni chache. Makumbusho ya Taifa yana vituo vya kuhesabika: Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho, viwili Arusha, Songea na Butiama. Nafasi zake hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na mbunifu mmoja akishaajiriwa anakaa miaka. Riziki ya wengi iko kwenye kazi za mkataba: vituo vya wageni hifadhini, mahoteli, shule, na mabanda ya Nanenane. Banda la halmashauri pale Nyakabindi lina matatizo yale yale ya makumbusho, yaani watu wengi, muda mfupi, na vitu vingi vilivyorundikwa mezani bila mpangilio. Anayelipanga vizuri mwaka huu ataitwa mwakani.

Lakini Manchira ina kitu ambacho Dar es Salaam haina. Mgeni anayekwenda Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa 1951, huonyeshwa nyumbu na simba. Waikoma, Wangoreme na Wanata hawaoni. Mwanahistoria Jan Bender Shetler aliwahoji wazee wa magharibi mwa Serengeti, na kitabu chake cha mwaka 2007, Imagining Serengeti, kinaonesha kwamba nyika ambayo mgeni huiona tupu, kwa wazee hao ina mahame, njia na mahali pa matambiko. Wazee wa namna hiyo wanapungua kila mwaka. Asiyekaa nao sasa, atakuja kuonesha vibuyu asivyojua vilikuwa vya nini.

Hapa kuna onyo, na ninaomba lisomwe mara mbili. Katika nyumba za wazee wetu kuna vitu vya zamani vya ngozi, mkia au pembe za wanyamapori. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, hizo ni nyara za serikali, na kumiliki bila kibali ni kosa. Kusema "ni cha babu" hakukutoi mahakamani. Kitu cha aina hiyo usikichukue wala usikinunue. Kaulize kwanza ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Vivyo hivyo usichimbe mabaki ya kale, kwani nayo yana sheria yake ya mwaka 1964. Kama kibali hakipo, mwombe mzee akusimulie, nawe ukichore. Mchoro wenye sauti ya mzee pembeni unaweza kumshika mgeni kuliko kitu chenyewe.

Vinavyobaki ni vingi: mtungi, jiwe la kusagia, jembe la zamani, kigoda, litungu. Kwa kila kimoja andika jina kwa lugha ya nyumbani, nani alikitengeneza, nani alikitumia, na nani ameruhusu kionekane. Kuna vitu ambavyo mzee atakuambia havitazamwi na kila mtu, na hapo mbunifu ananyamaza.

Kisha omba darasa moja wakati wa likizo, panga vitu kumi, usizidishe, upige picha kila hatua. Picha hizo ndizo utakazomwonesha mtu wa kwanza atakayetaka kukupa kazi. Kabla ya kufungua mlango, ingiza watu wawili: mwanafunzi wa darasa la nne na bibi asiyejua kusoma. Wakitoka, waulize wameona nini. Wakikutajia vitu viwili tofauti na ulivyokusudia, shusha vyote upange upya.