Green Day: Mcheza Kwao Alipokosa Kutunzwa

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Waama usemi huo una ukweli mwingi, lakini leo nataka kukusimulia habari za vijana watatu wa Marekani waliocheza kwao, wakapendwa kwao, kisha wakafungiwa mlango na watu wa kwao. Vijana hao ni bendi ya Green Day.

Kwanza tuelewane juu ya muziki wenyewe. Panki ilizuka katikati ya miaka ya 1970 mjini New York na London. Msingi wake ni rahisi: mishiko mitatu ya gitaa, dramu za kasi, na imani kwamba yeyote anaweza kupanda jukwaani hata kama hakusomea muziki. Pop panki ni mtoto wa hiyo panki. Kasi ni ile ile, ila juu yake kuna sauti tamu ambayo utajikuta ukiiimba bwenini bila kutaka. Wapo wanaosema hizi ni kelele tu. Sikatai, lakini ni kelele zenye mpango, na wimbo mzima mara nyingi haumalizi dakika tatu.

Billie Joe Armstrong alilelewa Rodeo, mji mdogo wa California wenye kiwanda cha kusafishia mafuta. Baba yake alikuwa dereva wa lori na mpiga dramu wa muziki wa jazi. Mwaka 1982 baba huyo alifariki kwa kansa, mwana akiwa na miaka 10 tu. Mama akabaki akihudumia wateja mkahawani ili watoto wale. Hata hivyo alimnunulia mwanawe gitaa la umeme la rangi ya buluu, na gitaa hilo hilo ndilo lililokuja kuonekana mbele ya maelfu ya watu. Wakati huo huo Billie Joe alikutana shuleni na Mike Dirnt, ambaye baadaye alikuja hata kupanga chumba nyumbani kwao. Mwaka 1987 wakaunda bendi iliyoitwa Sweet Children, na onyesho lao la kwanza lilifanyika mkahawani mle mle alimofanya kazi mama.

Kuhusu masomo, Billie Joe aliacha shule siku moja kabla ya kutimiza miaka 18. Mike alivumilia akamaliza. (Walimu wasije wakadhani ninamsifu wa kwanza!)

Sasa tufike penye utamu wa kisa. Katika mji wa Berkeley kuna ukumbi uitwao 924 Gilman Street, uliofunguliwa siku ya mwisho ya mwaka 1986. Si ukumbi wa matajiri, la hasha. Waliouendesha walikuwa watu wa kujitolea, na kiingilio kilikuwa dola chache. Pombe marufuku, kupigana marufuku, ubaguzi wa rangi marufuku. Tena palikuwa na sheria moja nzito: bendi yenye mkataba na kampuni kubwa ya kurekodi haipigi hapa. Waliona kwamba kampuni kubwa zikiingia, muziki utageuka bidhaa ya dukani kama sabuni.

Humo ndimo Green Day walimokomaa. Walibadili jina mwaka 1989, wakatoa santuri zao kupitia Lookout, kampuni ndogo ya huko huko. Mwaka 1990 akaingia mpiga dramu Tré Cool. Wakazunguka huku na huko wakilala sakafuni kwa watu. Kufikia albamu ya Kerplunk, mashabiki walikuwa wengi mno kwa kampuni ndogo kuwamudu.

Mwaka 1993 wakatia sahihi na Reprise, kampuni kubwa. Lo! Gilman ikawageuka. Mlango ukafungwa kwa mujibu wa sheria, wakaitwa wasaliti, na ukuta wa choo ukaandikwa maneno ya kumtakia Billie Joe kifo. Februari 1994 ikatoka Dookie, albamu iliyouza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani peke yake. Agosti wakapiga Woodstock, ambako umati uliwarushia matope nao wakajibu kwa matope. Mike alichafuka hata mlinzi akadhani ni shabiki aliyevamia jukwaa, akamwangusha na kumvunja meno. Dunia nzima ilikuwa ikiwashangilia, lakini kule nyumbani hawakubaliki. Mwaka 1995 uchungu huo ukatoka katika wimbo uitwao 86, nambari ambayo Wamarekani huitumia mtu anapotimuliwa mkahawani.

Je, walisaliti? Kwangu mimi, Gilman ilikuwa na haki ya kulinda sheria yake, maana sheria isiyomgusa rafiki si sheria. Lakini kumwita msaliti mtoto wa mjane anayetafuta riziki ni kupita kiasi. Na tusidhani kampuni ndogo ni malaika: mwaka 2005 Green Day waliziondoa albamu zao za zamani Lookout kwa sababu ya malipo ambayo hawakulipwa.

Mengine nitayapitia haraka. Mwaka 2003 kanda za albamu iliyokuwa karibu kukamilika ziliibwa. Badala ya kuirekodi upya, waliandika nyingine, American Idiot ya 2004, iliyokosoa Marekani ya wakati wa vita vya Iraki. Ikashinda tuzo ya Grammy, na mwaka 2010 ikaigizwa Broadway. Albamu ya Saviors ilitoka 2024.

Aprili 2015 waliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame mjini Cleveland. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 17 Mei, walipanda tena jukwaa la Gilman, kuchangisha pesa za kusaidia wachapishaji wadogo walioathiriwa na moto mjini Oakland. Ukumbi ni ule ule mdogo, na waliopata nafasi ya kuingia walikuwa wachache.